Mafundi wa Utafiti na Jedwali Lisilowaona

Baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza tunayokalia hapa Malindi, kijana wa mtaani aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu alitusomea kwenye simu yake jedwali linalozipanga nchi kwa idadi ya mafundi sanifu wa utafiti na uendelezaji, kwa kila watu milioni moja. Alizisoma nchi za juu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kisha akaanza kuteremka akiitafuta Kenya. Kabla hajaifikia, mzee mmoja kati yetu, aliyetumia zaidi ya miaka ishirini kutunza majokofu ya sampuli na jenereta kwenye miradi ya utafiti ya pwani hii, alimkatiza kwa swali: "Mwanangu, na mimi nimo humo?" Kijana alimtazama mzee, akaitazama simu, akanyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na makala haya ndiyo niliyoyapata, ingawa jibu limekuwa refu kuliko swali.

Namba zenyewe hukusanywa kutoka kwa serikali, kwa njia ya dodoso, na Taasisi ya Takwimu ya UNESCO iliyoko Montreal, Kanada. Benki ya Dunia huzichukua hapo na kuziweka katika hazina yake ya viashiria vya maendeleo, ambako ndiko wengi wetu tunakozikuta. Lakini swali la nani ahesabiwe na nani asihesabiwe limejibiwa na mwongozo mmoja wenye jina lisilohusiana na sayansi hata kidogo. Mwaka 1963 wataalamu wa nchi za OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, walikutana Frascati, mji mdogo jirani na Roma, wakakubaliana namna ya kupima shughuli za utafiti, na mwongozo wao ukabaki na jina la mji huo. Umerekebishwa mara kadhaa, na toleo la mwaka 2015 ndilo linalofuatwa sasa. Mwongozo huwagawa watu wa utafiti katika mafungu matatu: watafiti, ambao hubuni maarifa mapya na kuongoza kazi, mafundi sanifu na walio sawa nao, ambao hutekeleza kazi za kisayansi na za kiufundi, kwa kawaida chini ya usimamizi wa watafiti, na wasaidizi wengine, yaani makarani, makatibu na mafundi wa mikono wanaoshiriki katika mradi.

Fungu la pili ni pana kuliko tunavyodhani. Mtu akisikia fundi sanifu wa utafiti humfikiria aliyevaa koti jeupe na kuinamia hadubini. Mwongozo unawataja pia wanaoandika programu za kompyuta za mradi, wanaotafuta machapisho maktabani, wanaoandaa vifaa vya majaribio, wanaorekodi vipimo na kuchora chati, na hata wanaokwenda nyumba kwa nyumba kufanya mahojiano. Tena haukomei kwenye sayansi za maabara, bali sayansi za jamii pamoja na fani za lugha na historia zimo. Kwa hiyo kijana anayeketi na wazee wa Pate kurekodi tenzi kwa ajili ya mradi wa chuo kikuu ni fundi sanifu wa utafiti kwa haki yake, ilhali mtaalamu wa maabara katika hospitali ya kaunti, anayepima damu za wagonjwa toka asubuhi hadi jioni, hayumo, kwa sababu kazi yake ni huduma. Hapa watu wengi hujikwaa, wakichukua idadi ya wataalamu wa maabara waliosajiliwa nchini na kuiita nguvukazi ya utafiti. Ni watu wenye elimu moja na ujuzi mmoja wa mikono, pengine walisoma darasa moja, lakini mmoja yumo jedwalini na mwenzake hayumo.

Sasa tumrudie mzee wetu. Mtu anayetengeneza jenereta ya kituo ni fundi wa mikono, na fungu lake ni la tatu. Mtu anayehakikisha kwamba sampuli za damu zimekaa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, anayeandika joto la jokofu asubuhi na jioni, na anayejua bila kufungua daftari ni sampuli za mwaka gani zilizo kwenye rafu gani, anastahili kuingia fungu la pili, kwa sababu kutunza vifaa vya jaribio na kurekodi vipimo ni kazi zilizotajwa humo. Mzee alizifanya zote mbili, mara nyingine katika usiku mmoja, umeme ulipokatika na jenereta ikagoma. Anayejaza dodoso hawezi kuyajua hayo yote. Yeye huangalia cheo kilichoandikwa kwenye barua ya ajira, na mzee alinieleza kwamba barua yake ilisema dereva. Ndiyo kazi aliyoingilia, akajifunza mengine yote akiwa kazini, na cheo hakikubadilishwa mpaka alipostaafu.

Si yeye wa kwanza. Mwaka 1930 Vivien Thomas, kijana mweusi wa Marekani aliyekuwa seremala na aliyeishia sekondari, aliajiriwa katika maabara ya daktari Alfred Blalock kwenye Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alifanya upasuaji wa majaribio kwa wanyama na kusanifu vifaa, huku akiandikwa na kulipwa kama mfagizi. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Blalock alipompasua kwa mara ya kwanza mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayomfanya awe na rangi ya buluu, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kigoda akimwelekeza, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa ameifanya operesheni hiyo mara nyingi kwa mbwa. Shahada ya heshima aliipata mwaka 1976. Laiti dodoso la Frascati lingekuwapo mwaka 1944 na mwajiri akalijaza kwa uaminifu wa karatasi, Vivien Thomas angehesabiwa pamoja na ufagio.

Kwetu yupo Kamoya Kimeu, ambaye hakupita chuo kikuu, aliyeanza kuchimba mabaki ya kale na watafiti wa familia ya Leakey kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1960, na ambaye mwaka 1984 aliokota karibu na Ziwa Turkana kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya binadamu wa kale anayeitwa Kijana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Alitunukiwa medali Marekani mwaka 1985, na shahada ya heshima mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Viumbe wawili wa kale walipewa majina ya kisayansi yanayotokana na jina lake. Kwa tafsiri ya mwongozo yeye alikuwa fundi, alifanya kazi chini ya usimamizi wa watafiti. Kwa tafsiri ya yeyote aliyewahi kutembea naye juani akitazama ardhi, nadhani uongozi ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Ninaleta mifano hii kwa sababu inagusa kiini cha ulinganisho wenyewe. Tunapoambiwa kwamba nchi fulani ina mafundi wengi wa utafiti na nyingine wachache, sehemu ya tofauti hiyo ni watu, na sehemu yake ni mahali ambapo kila nchi imechora mstari kati ya mtafiti, fundi na msaidizi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa China. Mwaka 2008 China iliripoti watafiti takriban milioni 1.59. Mwaka 2009 iliripoti takriban milioni 1.15. Hapakuwa na maafa yoyote. Kinyume chake, jumla ya watu wote wa utafiti iliongezeka mwaka huohuo, kutoka karibu milioni 1.96 hadi karibu milioni 2.29. Kilichotokea ni kwamba China iliacha tafsiri yake ya zamani ya mtafiti ikaanza kuifuata ile ya Frascati, na katika mwaka mmoja hesabu ya watafiti ikapungua kwa zaidi ya watu laki nne. Waliokuwa watafiti Desemba walilala na kuamka Januari wakiwa kitu kingine, wakaenda kazini kwenye maabara zilezile.

Marekani nayo, ambayo hakuna anayeshuku ukubwa wa utafiti wake, kwa miaka mingi imekuwa na nafasi tupu kwenye safu hii ya mafundi, kwa kuwa haikuwa ikitoa takwimu zake kwa mgawanyo huo. Msomaji wa haraka huona nafasi tupu na kuipita. Mwenye kuchora ramani ya rangi huipaka kijivu. Lakini orodha ya mafundi wa utafiti duniani isiyo na Marekani ni sawa na orodha ya samaki wa soko la Malindi isiyo na jodari, na haifai kuitwa orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Upo pia mtego wa namna ya kuhesabu vichwa. Nchi inaweza kuhesabu kila mtu aliyegusa utafiti kama mtu mmoja, au inaweza kuhesabu muda: fundi wa chuo anayetumia nusu ya juma lake kuwaandalia wanafunzi mazoezi ya maabara, na nusu nyingine kwenye utafiti, huhesabiwa kuwa nusu mtu. Jedwali ambalo kijana wetu alilisoma linatumia njia ya pili, na ndiyo njia bora, lakini inahitaji mtu aliyeuliza kila fundi jinsi anavyogawa wiki yake, au aliyekisia kwa busara. Mahali ambapo hakuna aliyeuliza, hukisiwa kwa kalamu.

Je, tuutupe ulinganisho wote? Sisemi hivyo. Nasema tuache kutazama cheo cha nchi kwenye orodha, na badala yake tutazame uwiano: kwa kila mtafiti mmoja, kuna mafundi wangapi? Swali hilo halipandishi bendera ya mtu yeyote, lakini linaeleza jinsi kazi inavyogawanywa ndani ya maabara. Japani na Korea Kusini ni mfano mzuri. Zote ni nchi tajiri kwa watafiti. Japani ina zaidi ya 5,000 kwa kila watu milioni moja, na Korea Kusini ilikuwa imevuka 8,000 kufikia mwaka 2020. Hata hivyo katika nchi zote mbili mafundi wanaohesabiwa hawafiki hata mmoja kwa kila watafiti watano. Je, nani anayeosha vyombo vya kioo, anayerekebisha mashine na kurudia kipimo mara ya hamsini? Sehemu kubwa ya jibu kwa upande wa vyuo vikuu ni mwanafunzi wa uzamivu, ambaye mwongozo wa Frascati humweka kwenye fungu la watafiti. Kazi ya fundi inafanyika. Anayeifanya ana cheo kingine, na kwa kawaida ataiacha baada ya miaka minne au mitano, akiondoka na maarifa ya ile mashine kichwani.

Uswisi na Denmark zimepita njia tofauti, na zote zimekuwa zikihesabiwa mafundi zaidi ya elfu moja kwa kila watu milioni moja. Uswisi inanivutia zaidi kwa sababu inafanana na kitu tunachokijua. Kijana huko anaweza kuingia maabara ya kampuni ya dawa mjini Basel mara tu amalizapo shule ya lazima, akafanya uanagenzi wa miaka mitatu, siku kadhaa za juma akiwa kazini na nyingine darasani, na akatoka na cheti kinachotambulika nchi nzima. Miaka thelathini baadaye anaweza kuwa bado ni fundi wa maabara, mwenye mshahara wa kuishi na mwenye kauli, ambaye daktari kijana mwenye shahada ya uzamivu hathubutu kumfundisha kazi. Mtu wa Lamu akielezwa habari hii hatashangaa. Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, mtoto alikuwa akianza kwa kushika kamba na kuchemsha mafuta ya samaki yaitwayo sifa, akapewa nyundo, kisha randa, na ikapita miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa mkuku wa chombo. Lugha yetu inalijua hili tangu zamani, kwani fundi, kufunda, mwanafunzi na mafunzo yote ni ya shina moja. Aliyefundwa ndiye fundi. Pwani hii fundi ni jina la heshima, na ni sisi wenyewe, tulipoanza kuandika barua za ajira, tulioligeuza kuwa daraja la chini.

Nitaruhusu nafsi yangu mchepuko mmoja, kwa kuwa ninaandikia Malindi. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka hapa akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na kwa msaada wa pepo za kusi alifika pwani ya Calicut, India, kabla mwezi mmoja haujaisha. Safari ya kurudi aliianza bila rubani wa namna ile na bila kungoja kaskazi ianze. Kutoka pwani ya India, alikoondoka mapema Oktoba, mpaka Malindi, alikofika tarehe 7 Januari 1499, alitumia miezi mitatu baharini, na mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye hata akalazimika kuichoma moto meli yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Si haki kuiweka tofauti yote mikononi mwa rubani, maana upepo nao ulikuwa na neno lake; lakini kuujua upepo ndiyo kazi ya rubani. Jina la nahodha limo kwenye nguzo iliyosimama juu ya mwamba hapa mjini, ambapo watalii hupiga picha. Jina la rubani wanahistoria bado wanalibishania: wengine walimtaja Ahmad ibn Majid, wengi sasa hawakubali, na yaelekea alikuwa mtu wa Gujarat. Safari iliyobadilisha bahari yetu iliongozwa na mtu ambaye hata jina lake halikuandikwa kwa uhakika.

Karibu nasi, Kilifi, ipo taasisi ambayo inaonyesha mafundi wanafanya nini hasa. Kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinachoshirikiana na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa London, kimekuwapo hapo tangu mwaka 1989, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2021. Ripoti ya jaribio kama hilo hubeba majina ya madaktari na maprofesa, na ni sawa, walistahili. Lakini tazama kilichomo ndani yake. Kila kipande cha kioo chenye tone la damu husomwa chini ya hadubini na wasomaji wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake aliona nini, na wakitofautiana huitwa wa tatu. Kila mtoto hufuatiliwa nyumbani kwao na mtu anayezungumza Kigiriama na Kiswahili, anayejua kumpigia hodi mama mwenye wasiwasi na kumweleza, kwa mara ya sita, kwa nini damu ya mwanawe inachukuliwa. Huyo wa hodi, kwa mwongozo wa Frascati, ni fundi sanifu. Mtaani kwao huenda akaitwa mtu wa mradi, au mtu wa kuuliza maswali. Chanjo ile ingepimwa vibaya kama angekuwa mzembe, na hakuna hesabu ya hali ya juu ambayo ingeweza kuokoa takwimu zilizoandikwa kwa uvivu mlangoni.

Na hapa ulinganisho wa nchi unafikia jambo ambalo kwangu ndilo zito. Hesabu za kimataifa huihesabu kazi ya utafiti mahali inapofanyika, hata fedha zikitoka ng'ambo, kwa hiyo mtu wa hodi anayelipwa kwa fedha za London ni wa Kenya. Takwimu za mwaka 2010, ambazo hunukuliwa mara nyingi zaidi kuhusu nchi yetu, zinaonyesha Kenya ikitumia takriban asilimia 0.79 ya pato la taifa kwenye utafiti, na karibu nusu ya fedha hizo zikitoka nje ya nchi. Watafiti walikuwa mia mbili na ushei kwa kila watu milioni moja. Fedha za nje huja kwa mradi, na mradi una mwisho. Mtafiti mwenye uzamivu, mradi ukiisha, huandika ombi jingine, au huhamia chuo. Fundi hana ombi la kuandika. Mkataba wake hufa pamoja na mradi, naye huenda kuuza dawa katika duka la mtaa, au kuendesha tuktuk, na mradi ujao huajiri kijana mwingine na kuanza kumfunda upya. Uwiano wa mafundi kwa watafiti unaweza kubaki uleule mwaka hadi mwaka huku watu wenyewe wakibadilika kila mara. Jedwali linahesabu viti vilivyokaliwa siku ya kuhesabu. Halisemi waliokalia wamekaa muda gani, na kwa fundi muda ndio elimu yenyewe.

Sera zetu nazo zimelemea upande wa fedha. Umoja wa Afrika una lengo la asilimia 1 ya pato la taifa. Kenya ilijipandishia zaidi: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti. Ni malengo mazuri, na hatujayakaribia, lakini hata tukiyafikia kesho, fedha hizo zinaweza zote kuishia kwenye mashine na posho za semina. Mashine ya mamilioni isiyo na fundi wa kuirekebisha, kila mgeni wa maabara za umma ameiona: imefunikwa kitambaa kwenye kona, juu yake pana kalenda.

Upande wa mafunzo nako tumefanya jambo ambalo Uingereza ililifanya mwaka 1992, tukapanda ngazi na kuivuta juu nyuma yetu. Politekniki zetu kubwa ziligeuzwa kuwa vyuo vikuu. Ile ya Mombasa, ambayo wazee wa Lamu na Malindi bado wanaiita MIOME kwa jina lake la asili la miaka ya 1940 (Mombasa Institute of Muslim Education), ambako vijana wengi wa Kiislamu wa pwani walijifunza umeme na uhandisi wa meli, ni chuo kikuu cha ufundi tangu mwaka 2013. Bado inatoa stashahada, na sina ugomvi na shahada. Ila kijana mwenye stashahada ya maabara leo anaambiwa na kila anayempenda kwamba hajamaliza kusoma, na ndiyo maana hesabu ya mafundi haitapanda hata tukijenga vyuo mia, mpaka pale fundi mwenye miaka ishirini kazini atakapoweza kulipwa kuliko mtafiti mwenye miwili, bila ya kulazimishwa kuwa mtafiti kwanza.

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye majukwaa ya chuma ya Waitalia yaliyosimikwa baharini, ndipo ilipopaa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa siku ilikuwa sikukuu yetu ikaitwa Uhuru. Katika vitabu vya astronomia jina hilo la Kiswahili limebaki. Mkuu wa mradi ule wa kisayansi, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wavuvi na vijana wa Ngomeni waliovusha watu na vifaa kwa mashua hawamo kwenye fungu lolote kati ya yale matatu yaliyo muhimu, na kwa hili siulaumu mwongozo, kwa sababu mstari lazima ukatwe mahali. Ninachoomba ni kidogo zaidi: tufanye utafiti wa nguvukazi kwa vipindi visivyokosa, tuhesabu kwa kazi aliyoifanya mtu na si kwa cheo cha barua yake, na tuongeze safu moja ambayo jedwali la dunia halina, ya miaka ambayo fundi amekaa na kazi hiyohiyo. Kenya inaweza kuianza bila kumngoja mtu Montreal.

Juma lililopita nilimpelekea mzee jibu lake barazani. Nilimwambia kwamba kwa barua yake ya udereva, na ikiwa mradi ulijaza dodoso, yumo katika jumla, fungu la tatu, lakini kwenye safu ile aliyosomewa na kijana hayumo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na lile jokofu?" Nikamjibu kwamba jokofu limo, bei yake yote, chini ya matumizi ya vifaa vya utafiti. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwita muuza kahawa.